Nakshi za Mlango na Nahau ya Kiingereza: Somo Ambalo Mama Anaweza Kulisimamia Nyumbani



Wazazi wengi wa mwambao wetu wana malalamiko ya namna moja kuhusu Kiingereza cha wana wao. Mtoto amesomeshwa kanuni, amezihifadhi, amejaza nafasi zilizoachwa wazi katika daftari na kupata alama za kupendeza. Lakini akiambiwa aandike barua ya ukurasa mmoja, hukwama. Kanuni anazo na maneno anayo, ila viwili hivyo havijapata kukutana.

Jambo hili si dogo. Kwa sera ya elimu ya Kenya, kuanzia gredi ya 4 masomo mengine aghalabu hufundishwa kwa Kiingereza. Basi mtoto asiyeishika nahau ya lugha hiyo hapotezi somo moja peke yake. Hupoteza hesabu kwa kutoelewa swali, na hupoteza sayansi kwa kushindwa kuyaandika aliyoyaona kwa macho yake. Binti aliyemaliza shule ilhali hawezi kuandika barua ya kuomba kazi au nafasi ya masomo huachwa nyuma, na si kwa upungufu wa akili. Upande wa pili yupo mama ambaye Kiingereza chake ni kichache. Hujiona hana la kumfaa mwanawe, akajitenga na masomo yake, na kila usiku likabaki swali moja tu baina yao: "Umemaliza?"

Makala haya yana shauri moja. Nahau ya Kiingereza hukaa vyema kichwani mwa mtoto inaposomwa ndani ya habari ambayo alikwisha kuijua kabla ya kuisoma. Katika nyumba zetu habari za namna hiyo zipo tele, na mbele kabisa ni habari za sanaa zetu na habari za watu waliojifunza lugha. Katika habari hizo mama ana la kufundisha, hata ikiwa hajui kusema sentensi kumi za Kiingereza.

Kwa nini tuanze na sanaa

Waliopita chuoni wanaijua njia hii. Mwanafunzi wa nahau ya Kiarabu huanza na matini fupi ya Al-Ajurrumiyya, aliyoitunga Ibn Ajurrum wa Fez, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1323. Huihifadhi kanuni, lakini mwalimu hamwachi hapo. Humfungulia msahafu, akamwonesha kanuni ile ile ikifanya kazi ndani ya aya ambayo mtoto anaijua tangu utotoni. Hapo ndipo rafaa na nasbu huacha kuwa majina matupu. Mtoto husema, "Kumbe ndiyo hii niliyokuwa nikiisoma siku zote!"

Kiingereza nacho chahitaji andiko linalojulikana. Kitabu cha shule mara nyingi humpa mtoto habari ya theluji, ya treni za chini ya ardhi, au ya mchezo asioujua. Hulazimika kupigana na mambo mawili kwa wakati mmoja: kuielewa habari yenyewe na kuielewa lugha. Mtoto wa Mombasa, Malindi au Lamu akisoma habari ya mlango wa nakshi, ya kanga, ya zidaka za ukutani au ya khati ya Kiarabu, pigano moja limekwisha. Kitu anakiona, na pengine amewahi kukigusa. Akili yake yote hubaki kwa lugha.

Zaidi ya hayo, maandishi ya sanaa yana tabia ya kurudia sarufi ile ile inayowasumbua wanafunzi wetu. Husema kitu kiko wapi, kimetengenezwa na nani, lini, kwa kitu gani, na kina sura gani. Haya ndiyo maswali ya ufahamu. Katika mtihani wa kidato cha 4, karatasi ya pili ya Kiingereza huweka ufahamu na sarufi pamoja. Aliyezoea kuvisoma pamoja nyumbani havitamtisha huko.

Mlango mmoja, sentensi nne

Tuchukue mfano mdogo. Andiko hili lina sentensi nne tu, na mama au kaka mkubwa anaweza kulinakili kwenye karatasi:

"There is a door in our street. The door was carved by a craftsman of Lamu. He cut flowers and chains into the wood. It has guarded the house for many years."

Maana yake ni kwamba katika mtaa wetu pana mlango. Mlango huo ulichongwa na fundi wa Lamu. Alichonga maua na minyororo katika mbao zake. Nao umeilinda nyumba kwa miaka mingi. Mtoto wa darasa la tano ataisoma habari hii kwa dakika moja. Lakini tazama hazina ya nahau iliyomo ndani yake.

Katika sentensi ya kwanza mlango ni "a door", na katika ya pili ni "the door". Kiswahili hakina viambishi hivi, ndiyo maana watoto wetu huviacha au huvitupia popote. Ila mtoto aliyesoma chuoni ana msaada mkubwa asioutumia. Yeye anajua nakira na maarifa. Mkumbushe Suratul Muzzammil, aya ya 15 na ya 16: mtume aliyepelekwa kwa Firauni ametajwa kwanza kwa nakira, na alipotajwa mara ya pili akatiwa alifu na lamu. Kiingereza hufanya vivyo hivyo. Kitu kikiingia katika habari kwa mara ya kwanza hupewa "a", na kikisha kujulikana hupewa "the".

Hapa pana mtego, na mtoto wa chuoni ndiye anayenaswa zaidi. Kiarabu hutia alifu na lamu hata katika jambo la jumla: husema "al-ilmu" kwa kukusudia elimu yote. Kiingereza hapo huliacha neno wazi: "Knowledge is light", wala si "The knowledge is light". Basi kanuni ya chuoni humfikisha mtoto hadi hapo, kisha mambo ya jumla yanataka uangalifu wao wenyewe.

Sentensi ya pili ina kauli ya kutendwa. Sisi tunasema "ulichongwa", kwa herufi moja tu ya "w". Kiingereza kinataka maneno mawili, "was carved", na mtoto akilisahau lile la kwanza huandika "The door carved by a craftsman", sentensi isiyosimama. Maandishi ya sanaa yamejaa kauli hii, kwa kuwa mara nyingi kazi ipo na jina la fundi limepotea. Zoezi lake ni jepesi. Mama ataje vitu kwa Kiswahili, mtoto avigeuze. Ngome ya Fort Jesus ilijengwa na Wareno, wakaianza mwaka 1593: "Fort Jesus was built by the Portuguese." Utendi uliandikwa na Mwana Kupona: "The poem was written by Mwana Kupona." Humo humo mtoto atakutana na vitenzi visivyofuata utaratibu, kama "build" na "built", "write" na "written", wala hatahitaji kukariri orodha ndefu ukutani.

Katika sentensi ya tatu fundi ni "he", na katika ya nne mlango ni "it". Hili ni kosa linalosikika hata kwa watu wazima: "My mother, he is at home." Sababu yake inajulikana. Kiambishi chetu "a" hakibagui: "anapika" ni mwanamume au mwanamke. Hapa tena Kiarabu kinasaidia, kwani mtoto anajua "huwa" na "hiya". Msomesheni habari ya Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, aliyetunga utendi wake yapata mwaka 1858 ili kumwachia wasia binti yake. Ni habari ya mama na binti, kwa hiyo "she" na "her" zitajirudia katika kila mstari. Mtoto akisha kuiandika habari hiyo mara mbili, ulimi wake utazoea.

Sentensi ya nne ina "has guarded", nayo inafanana na "umeilinda". Wengi husomeshwa kwamba "me" ni "has" na "li" ni wakati uliopita. Ni kweli kwa kiasi. Lakini mitaani kwetu utasikia, "Fundi amekuja jana", na mtoto akaandika "The craftsman has come yesterday". Kiingereza hakikubali. Siku au mwaka uliokwisha ukitajwa, "has" huondoka: "The craftsman came yesterday." Mfano mzuri ni mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Tukitaja tukio husema "Lamu Old Town was listed in 2001". Tukitaja hali iliyoanza siku hiyo na ingali ikiendelea husema "It has been on the list since 2001". Sentensi mbili hizi, zikiandikwa moja juu ya nyingine, hufundisha zaidi ya kurasa tatu za kanuni.

Neno "mlangoni" lina njia tatu

Lipo jambo jingine ambalo mlango huo huo unaweza kutufunza. Kiswahili kina kiambishi "ni", nacho hubeba mizigo mingi. Mgeni amesimama mlangoni, nakshi zipo mlangoni, funguo imo mlangoni. Kwetu neno ni moja. Kwa Kiingereza mgeni yuko "at the door", nakshi ziko "on the door", na funguo imo "in the door". Kadhalika ukutani: saa hutundikwa "on the wall", msumari huingia "in the wall", na ngazi huegemezwa "against the wall".

Mtoto hawezi kuyahifadhi haya kwa orodha. Ayatazame. Mama amwambie asimame, aguse, aegemee, kisha aseme. Zoezi hili halihitaji kitabu, na hata mdogo wa miaka saba atacheka na kujifunza pamoja na dada yake.

Kanga nayo ina somo lake, nalo ni mpangilio wa sifa. Sisi twaanza na kitu, kisha sifa zikafuata, na hazina mpango mkali. Kiingereza huzitanguliza sifa mbele na kuzipanga: kwanza maoni ya msemaji, kisha ukubwa, umri, rangi, na mwisho kitu kilichotumika. Kanga mpya nzuri nyekundu ya pamba huwa "a beautiful new red cotton kanga". Mlango mkubwa wa zamani wa mbao huwa "a big old wooden door". Mtoto akiipindua safu hiyo ataeleweka, lakini sentensi itasikika kama mtu aliyevaa kanzu nyuma mbele.

Habari za waliojifunza lugha kabla yetu

Aina ya pili ya andiko linalofaa ni habari za watu waliojifunza lugha isiyokuwa yao. Mtoto anayesoma habari hizo hupata nahau, na hupata faraja pia.

Mfano wa kwanza ni Zayd bin Thabit, radhi za Allah zimfikie, kijana wa Madina. Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee na kumwandikia barua, naye akayaweza kwa muda wa nusu mwezi. Hakuambiwa kwamba lugha ya wengine itamharibia dini yake. Alipewa kazi, akaifanya. Na Qur'ani yenyewe, katika Suratur Rum aya ya 22, imezihesabu tofauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu.

Mfano wa pili ni Sibawayhi. Alikuwa Mfursi, Kiarabu hakikuwa lugha ya wazee wake, na kitabu chake ndicho msingi wa nahau ya Kiarabu hadi leo. Husimuliwa kwamba ujanani alikuwa akisoma hadithi mbele ya Hammad bin Salama, akakosea irabu ya neno lililofuata "laysa". Mwalimu akamsahihisha mbele ya watu. Sibawayhi akasema atatafuta elimu ambayo kwayo hakuna atakayemkosoa tena, akaenda kusoma kwa Al-Khalil bin Ahmad. Mgeni wa lugha ndiye aliyewaachia wenyewe kitabu cha lugha yao, na mwanzo wa yote ni kosa la irabu moja. Binti anayechekwa darasani kwa Kiingereza chake anastahili kuijua habari hii.

Na ndani yake mna nahau nzito, nayo ni usemi wa taarifa. Sisi tunasema "alisema atasoma", na kitenzi cha pili hakibadiliki hata kama maneno yalisemwa karne kumi zilizopita. Kiarabu nacho hakikibadilishi. Kiingereza hukirudisha nyuma: kijana alisema "I will learn", na msimulizi husimulia "He said that he would learn". Ndiyo maana watoto wetu hukosea hapo kila mara, kwani lugha mbili wanazozijua zimewazoesha kinyume. Habari ya Sibawayhi ikisimuliwa na watoto watatu, mmoja akisema maneno na mwengine akiyapokea, kanuni hiyo huingia kwa urahisi.

Mpango wa juma moja

Nusu saa baada ya Isha, siku nne katika juma, inatosha. Andiko liwe moja kwa juma zima, sentensi nne hadi kumi.

Siku ya kwanza ni ya mama. Aieleze habari kwa Kiswahili: mlango ni nini, mfaa ni upi, kanga ina pindo, mji na jina. Haya anayajua kuliko mwalimu wa shule. Kisha mtoto alisome andiko la Kiingereza kwa sauti, na mama amuulize kwa Kiswahili: "Wamesema nani alichonga? Neno gani limekuonesha?" Swali hilo la pili ndilo linalomfanya mtoto aitafute nahau.

Siku ya pili mtoto apige mstari chini ya kanuni moja tu. Ikiwa ni "a" na "the", basi ni hizo, na mengine yasubiri juma lijalo.

Siku ya tatu afunge karatasi, mama asome tafsiri ya Kiswahili, naye aiandike habari kwa Kiingereza upya. Kisha alinganishe maandishi yake na asili, ajisahihishe mwenyewe. Hapa mama hahitaji kujua Kiingereza, kwani karatasi ya asili ndiyo hakimu.

Siku ya nne abadilishe habari: mahali pa mlango aweke kanga, mahali pa fundi aweke bibi yake. Akifanikiwa, kanuni imekuwa yake.

Maandiko hayana gharama kubwa. Vitabu vya ufahamu vya shule vinazo habari za utamaduni. Makumbusho ya Lamu na Fort Jesus yana maelezo mafupi ya vitu vilivyowekwa humo, na mtoto anaweza kuyanakili katika daftari siku ya matembezi. Siwa ya shaba ya Lamu pekee inatosha kwa somo la majuma mawili. Na asiyepata chochote amwombe mwalimu wa Kiingereza wa shule amwandikie sentensi tano juu ya khati ya Kiarabu, jinsi Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, alivyozipima herufi kwa nukta za kalamu.

Tahadhari tatu

Ya kwanza, andiko lisiwe zito. Ikiwa kila mstari una neno asilolijua, mtoto atarudi kulekule kwenye pigano mara mbili. Tafuteni jepesi zaidi.

Ya pili, mtoto asisahihishwe kwa kejeli, wala makosa yote yasisahihishwe kwa siku moja. Mwalimu wa tajwidi anayemkatiza mwanafunzi kila herufi humnyamazisha, na mtoto aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote.

Ya tatu, Kiswahili kisidhulumiwe. Kila andiko litafsiriwe kwa Kiswahili safi, lisiwe mseto wa lugha mbili katika sentensi moja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipotoa gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932 aliliandika kwa Kiswahili na Kiarabu. Kila lugha ilipewa nafasi yake na heshima yake. Nyumba inayofuata mwendo huo haitapoteza lugha kwa kuongeza nyingine.

Kazi ya juma hili

Wazazi wenzangu, itoeni kanga moja sandukuni. Mama asimulie aliipata lini, nani aliyempa, na jina lake lasemaje. Mtoto aandike sentensi tano za Kiingereza: ya kwanza iwe na "a", ya pili iwe na "the", ya tatu iseme ilinunuliwa na nani, ya nne iipange rangi na umri wake, na ya tano ianze na "My mother said that". Mkimaliza, mtoto asome aliyoyaandika mbele ya nyumba nzima, na mama amweleze kama amesimulia ukweli wa kanga ile au la. Hilo hakuna mwalimu wa shule awezaye kulisahihisha badala yake.